Kopo Lako la Kijani

Tata, shangazi yangu,

Huku Makongeni tupo. Mpera wako bado unazaa, na watoto wa ploti bado wanaiba mapera kabla hayajaiva, kwa hivyo hakuna kilichoharibika. Isipokuwa mimi.

Siku hizi, nikichoka kutengeneza redio za watu, napika majani ya mpera wako kwa maikrowevu niliyoletewa nitengeneze na mwenyewe hakurudi. Yakishaungua nayatia maji, nayachuja. Yanabaki maji yenye chembe za kaboni ambazo jicho haliwezi kuziona. Ukiyamulika na tochi ya kukagua noti bandia, yanawaka buluu. Ukitia zile rangi kali za kemikali, mwanga unafifia. Nilijifunza kwa simu. Ungesema, "Badala ya kuoa, anapika majani."

Basi nikapima maji ya mtaro, pale chini ya mahali kikundi chenu kinatilia rangi katani ya kusukia vyondo. Kwa macho ni maji safi, na ndiyo tunanyunyizia mboga zetu za sukuma. Mwanga ukafifia. Nikapima makopo yenu ya rangi, tone moja moja. Lililouzima mwanga kabisa ni lako, Tata. Kijani chako, kile wateja wa Ruiru walikuwa wanakiulizia. Nikarudia, nikiomba niwe nimekosea. Mti wako mwenyewe unakushtaki, na mimi ndiye karani.

Nikaambia kikundi kuna rangi zenye sumu. Mama Nyambura akacheka: "Wewe fundi, hiyo tochi rudisha kwa noti!" Lakini walisikia. Wakatupa makopo yote, ila moja. Akalipangusa na leso yake, akalirudisha kwa rafu. "Hili ni la marehemu. Yule hangetuwekea sumu."

Na mimi nikanyamaza. Nikanywa chai yao. Hata nikaongeza sukari.

Tangu hapo siangalii picha yako ukutani. Wewe hukujua, kopo halikuandikwa kitu. Mimi najua. Na jana nimemwona Mama Nyambura akichuma sukuma, nikamsalimia vizuri kabisa, kama mtu mwema.

Tata, Jumamosi wakikutana nitalishusha kopo lako mbele yao. Tochi atashika Mama Nyambura mwenyewe. Wakininunia, wacha wanune. Unakumbuka nikiunga waya vibaya ulikuwa unasema nini? "Fungua tena, usione haya."

Haya naona, Tata. Lakini nafungua.

Lala salama.