Karatasi Juu ya Ufa

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Mimi sijambo, isipokuwa goti, nalo tumeshazoeana. Redioni wamesema hapo mnapochimba vitu vya kale limeonekana tope la gharika ya Nuhu. Jirani yangu fundi cherehani alipiga vigelegele mpaka uzi ukamkatikia. Nami nilifurahi, kisha nikaogopa. Shimo lina kina gani? Tangu kisima kimfukie baba yako, siwezi kusikia neno shimo nikatulia. Niambie ukweli.

Mama yako

15 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini goti lina nafuu. Mimi mzima. Tope lipo, nimelipima mwenyewe: unene wake unanifika gotini, na ndani yake hamna hata kigae. Lakini liko kwenye mashimo mawili tu, yale ya karibu na mto. Mkuu wetu wa kazi, ambaye tukiwa peke yetu tunamwita Safina, ameshawaambia waandishi kwamba dunia nzima ilizama. Nilimwambia, "Mkuu, kama maji yalifunika kila kitu, tope litakuwepo na kule kilimani. Tuchimbe tuone." Akacheka. "Haya, mtoto wa mchimba visima, chimba. Ukilikosa, hujachimba vya kutosha."

Basi huku kilimani tumefika mita nne, hakuna tope. Mbao zote za kushikilia kuta zimetumika kujengea jukwaa la wageni watakaokuja kuoneshwa tope. Sitakudanganya mama, ukutani kuna ufa.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Pole na kazi. Baba yako akiona ufa alibandika juu yake kipande cha karatasi kwa gundi ya unga. Karatasi ikichanika, ujue udongo unatembea: wewe unatoka, hata koleo unaliacha. Alikuwa anachana daftari lako la hesabu. Uliwahi kulia siku nzima kwa sababu ukurasa uliopata tisa kwa kumi uliingia kisimani.

Siku ile karatasi ilichanika, akatoka. Nilimwona kwa macho yangu, amesimama juu anapangusa mikono. Kisha akasema ndoo imebaki.

Kuhusu Nuhu, usiogope kunikwaza. Mimi naamini bila kuonyeshwa tope. Andika ulichokiona, ila toka humo.

Mama yako

5 Aprili

Shikamoo mama,

Nimebandika karatasi kama ulivyosema. Wenzangu walinitania, "Leo ukuta umepewa barua!" Tumefika mita tano. Tope hakuna, mama. Kuna majivu ya meko, moja juu ya jingine, zaidi ya ishirini. Vigae vilivyo chini ya tope kule mtoni, na vile vilivyo juu yake, vyote viko huku vimefuatana bila pengo. Mto ulifurika, hilo ni kweli, na huenda watu wa bondeni waliona dunia imekwisha. Lakini huku kilimani, wakati huohuo, mtu alikuwa anapika.

Safina alishuka, akatazama. Alipopanda akaamuru shimo lifukiwe keshokutwa, kabla wageni hawajafika. Hakuna picha hata moja iliyopigwa. Bila picha, nani atamwamini mtoto wa mchimba visima?

Asubuhi hii nimekuta karatasi imechanika. Nimewatoa wenzangu wote. Kesho nitashuka na kamera, narudi mara moja tu.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Nakuuliza tena, hujambo?

Barua yako ilinifikia ile kesho yako ikiwa imeshapita siku nane. Nimekuandikia mara mbili, kimya. Nikipiga simu ofisini kwenu, msichana ananiambia kwa upole, "Tutakupigia, mama." Redio inasema wageni wameonyeshwa tope na wamefurahi sana. Kilima hawakitaji.

"Narudi mara moja tu." Sikukuandikia maneno aliyosema baba yako alipoifuata ndoo. Niliona uchungu kuyaandika. Ni hayohayo. Laiti ningeyaandika.

Nimechana daftari lako, nikabandika karatasi kwenye mlango wa chumba chako, nusu mlangoni, nusu kwenye fremu. Kila asubuhi naiangalia. Bado ni nzima. Njoo uichane. Picha hata kama hukupata, njoo.

Na kama huwezi kuja, popote ulipo, unikumbuke.

Mama yako