Jina Lililokuwa Linamngoja Mtoto

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kurasa nimeshachora karibu zote, ndipo Sheila kaleta majina ya wahusika. Yui, Haruto, Kaede, Ren. Hadithi yenyewe ni ya wachuma majani chai wa Kebirigo! Nikamuuliza huyo Yui anaandikwa kwa herufi zipi, maana Wajapani wana kadhaa za sauti hiyo hiyo, kila moja na maana yake, na mzazi hukaa akachagua. Akasema kwani ziko ngapi, yeye kalipenda tu. Kaliokota mtandaoni kama anayechagua rangi ya kucha. Huyu ndiye mwandishi wetu wa manga, hizi katuni za Kijapani. Mimi mchoraji tu, nisiulize.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeyafuta yote. Yui sasa ni Nyanchoka, jina la marehemu nyanya. Nyanya aliyenilea, aliyeniacha nichore ukutani kwa makaa. Bado namkumbuka.

Sheila kanuna. Eti jina halina mvuto. Mtu kwao ni Keroka, na bado anajifanya wa Tokyo! Tumekubaliana: majina nibadilishe, lakini kitabu kisomwe kuanzia kulia, Kijapani kamili, na Nyanchoka afe mwishoni. Sawa, afe. Jeneza nimelichora vizuri sana, lazima nikiri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilienda nyumbani Kebirigo na nakala moja ya kitabu chetu. Linet, mke wa kaka yangu Mokua, amebakisha siku chache ajifungue. Mtoto akiwa msichana ataitwa Nyanchoka — kwetu mtoto humrithi marehemu jina, na nyanya alituacha Januari. Nilijua. Sijui nilikuwa nafikiria nini.

Mama alitoka kanisani, akakichukua kitabu, akakifungua kama anavyofungua Biblia. Kwa hiyo mwisho wetu ukawa mwanzo wake. Kitu cha kwanza kuona: jeneza, msalaba, Nyanchoka. Hakufoka. Alisema jina lile lilikuwa linamngoja mtu, mimi nimeligawia karatasi, kisha nikaliua.

Nikamwambia ni katuni tu. Waadventista hawa! Asubuhi wanafundishwa wafu wamelala, hawana habari nasi. Mchana wanaogopa mchoro.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimempigia Sheila abadilishe jina. Kumbe kitabu ameshakituma kwenye shindano la katuni, na mtandaoni ameshakiweka. Watu wanaandika pole kwa Nyanchoka, wanaweka vijipicha vya mishumaa. Mia nne na zaidi. Sheila anafurahi. Mama asiyaone hayo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Msichana! Kilo tatu na nusu, na sauti ya kuuza ndizi sokoni. Niko wodini, naandikia magotini.

Nesi anataka jina kabla hawajaruhusiwa. Mokua kasema Nyanchoka. Mama akatazama dirishani. Linet akasema hawezi kumwita mwanawe jina ambalo watu mia nne wameshalizika mtandaoni, na ameshampigia Sheila, namba kaitoa kwenye kitabu, amsaidie. Sheila! Kampa Yui. Fupi, na halina marehemu.

Nilitaka kucheka. Kisha Linet akanigeukia: wifi, wewe ndiye unayejua, Yui maana yake nini? Nikamwambia inategemea herufi. Yaweza kuwa kuunganisha, yaweza kuwa pekee, mzazi ndiye huchagua. Akaniuliza yeye achague ipi. Nilisoma hayo yote ili nimcheke Sheila tu.

Mtoto ana paji la nyanya, pana vile vile. Nimeona aibu kulitazama.

Nesi kachoka kusubiri, katuachia fomu. Nilidhani Mama atampa Mokua. Kaniwekea mimi, juu ya daftari hili. Wewe ndiye unayegawa majina siku hizi, kasema, andika.

Nimejaza tarehe. Nimejaza uzito. Nimejaza jina la mama mtoto na la baba. Imebaki nafasi moja, na wote watatu wananitazama mkono —