Radhi ya Ngazini

Ikolo, 8 Machi 2025

Shikamoo Shangazi Prisca,

Habari za Kyela mjini? Kifua kimepona? Mimi ni mzima na masomo yanaendelea. Ndaga, asante kwa kitabu na sabuni.

Riwaya nimeimaliza. Nimeipenda na sijaipenda. Muksini na Tausi wanavyogombana pale ofisini nilicheka mpaka Naila, tunayelala naye bweni moja, akaniomba nimsomee kwa sauti. Lakini Muksini alimwita Tausi mzembe kikaoni, mbele ya ofisi nzima, halafu akamwomba radhi ngazini, wenzao walipokwisha kuondoka. Sura inayofuata wanachumbiana. Naila anasema nina moyo mgumu na sitaolewa. Huenda. Wewe ulionaje?

Mwanao,
Lusungu

Kyela, 19 Machi 2025

Marahaba mwanangu,

Kifua kimepona. Bibi yako anakusalimu, mpunga wake unachanua vizuri.

Unamwonea Muksini. Mwanamume ana haya zake. Ulitaka apige ngoma?

Nitakueleza jambo, usimwambie mama yako. Kuna Lameck, mkaguzi wa ghala letu la kakao. Mwaka jana alipasua punje nilizokwisha kuzikubali kuwa kavu, akasema mbele ya wakulima, "Prisca, nenda kaanike mpunga, kakao imekushinda." Tulinuniana msimu mzima. Siku hizi ananiletea samaki, mbasa wabichi kutoka ziwani, na siku moja stoo, tukiwa wawili tu, akaniomba radhi. Punje zilikuwa kavu, alikosea. Baada ya Pasaka anataka kumtuma mshenga kwa babu yako.

Nampenda, Lusungu. Wakulima bado wanaipita meza yangu waende kwake, lakini hilo ni la kazi.

Shangazi yako,
Prisca

Ikolo, 24 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Nimefurahi kifua kimepona. Huku mvua ni nyingi, ila hatujambo.

Mambo ya mshenga siyajui, najua kitabu tu. Nimeirudia ile sura. Hakuna mahali wanaposema watu wa kikaoni waliendelea kumwonaje Tausi. Wao walisikia neno moja, lile la mzembe. Ngazini hawakuwepo.

Wakulima walikuwepo stoo?

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Mwanao,
Lusungu

Ikolo, 11 Mei 2025

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Pasaka imepita na barua haijaja. Mama alikuja siku ya wazazi, akaleta ndizi. Alisema babu aliambiwa mshenga anakuja, akanunua hadi viti, mshenga hakuonekana, na hakuna anayejua sababu. Siri yako sikumwambia. Naila anasema nimevunja harusi.

Hata kama umekasirika, niandikie tu kwamba kifua hakijarudi.

Mwanao,
Lusungu

Kyela, 28 Mei 2025

Marahaba mwanangu,

Kifua hakijarudi. Babu yako anavikalia viti vyake na hajambo.

Nilikukasirikia wewe, kisha nikamkasirikia Lameck. Nikamwambia kwamba mshenga wake asubiri mpaka wakulima nao wasikie aliyoniambia stoo. Akanuna. Mbasa wakakoma, salamu zikakoma. Nikajua yamekwisha, nikaendelea na kazi.

Jana, ghala likiwa limejaa, akaja mezani kwangu na kisu chake cha kupasulia punje. Akasema, "Mwaka jana nilimsema Prisca hapa hapa. Kakao ilikuwa kavu. Niliyekosea ni mimi."

Mzee Zebedayo, wa huko huko kwenu Ikolo, akamuuliza, "Unatuambia leo kwa sababu unataka kuoa?"

Watu wakacheka. Lameck akakitazama kisu.

"Ndiyo, mzee. Lakini ilikuwa kavu."

Mzee Zebedayo alikuwa amekwisha kupanga foleni kwa Lameck. Akalibeba gunia lake, akaja kulitua kwangu.

Mshenga bado sijamruhusu. Aje likizo, ukiwepo. Na kitabu uje nacho, nataka kuisoma upya ile sura ya ngazini.

Shangazi yako,
Prisca