Mwanasaikolojia wetu kazuiwa

Mwenzangu, uko? Nimetoka kliniki sasa hivi.

Yule mwanasaikolojia wa mjukuu wangu kazuiwa kazi. Kazuiwa! Tumemkuta anabandua michoro ya watoto ukutani, bwana mmoja wa wizara kasimama pembeni anamwangalia.

Ati sheria imebadilika. Shahada moja haitoshi tena, kuanzia leo anayeruhusiwa kukaa na mgonjwa ni mwenye shahada ya pili tu. Nikamwambia, "Baba, mtoto huyu alikuwa hasemi neno tangu tumzike mama yake. Dada huyu ndiye aliyeanza kumfungua mdomo, kwa vitendawili."

"Bibi, mimi sikutunga sheria. Mtapata mwingine."

Mwingine yuko wapi? Kliniki nzima alikuwa yeye peke yake! Nilitamani nimchape na mkoba.

Sasa sikia. Si nilikwambia mtoto huwa anaitikia "tega" tu, kwa kisauti cha mbu? Leo kamvuta dada shati, akasema wazi kabisa, "Kitendawili!"

Yeye mwenyewe! Kwa mdomo wake!

Dada akamtazama yule bwana. Bwana akatikisa kichwa. Dada akaendelea kubandua michoro, machozi yanamtiririka. Hakuitikia.

Nikadakia mimi, "Tega, mama, tega!" Nimesema tega njia nzima mpaka watu wakageuka kunitazama.

Wapi. Kafunga mdomo kama siku ile tulipotoka makaburini, na sijui alitaka kutega nini.