Nilimwambia Hajachaguliwa, Kumbe Sikuwahi Kuangalia

Mama Nsama mpendwa, naomba unisikilize, maana mume wangu sijamwambia na padri nimemkwepa Jumapili tatu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Kawambwa, mwaka wa kumi na saba sasa, na mwaka juzi shule yetu ilipata kompyuta nne na kipindi kimoja kwa wiki cha kuwafundisha darasa la kumi na mbili kuandika barua pepe, kujaza fomu za vyuo, kutambua habari ya kweli na ya uongo, mambo ambayo kijana wa siku hizi haendi popote bila hayo, na kipindi hicho nikakabidhiwa mimi, lakini mtihani hauulizi barua pepe, Mama, mtihani unauliza figo na moyo, basi kompyuta nikazifunika kitambaa na kipindi nikakifanya cha marudio, na wakati wa kuomba vyuo ulipofika nikawafungulia wanafunzi wote kumi na tisa anwani kwenye simu yangu, maneno ya siri nikaweka mimi, fomu nikajaza mimi, nikajiona nimewasaidia.

Kulikuwa na binti mmoja, Kaluba, hodari kuliko wote, aliyetaka uuguzi. Alinifuata ofisini akasema, "Mwalimu, nionyeshe basi, nifungue mwenyewe."

Nikamjibu, "Wewe shika kitabu. Hivi vidude vitakupotezea muda."

Akacheka. "Haya, Mwalimu, lakini nikipotea huko mbele usiseme hukuombwa."

Matokeo yalipotoka Kaluba aliongoza shule. Februari simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, nikanunua nyingine, na zile anwani sikuzirudisha kwa sababu maneno ya siri yalikuwa kwenye daftari ambalo sikujua nimeliweka wapi, na nikisema kweli sikulitafuta. Mwishoni mwa Machi Kaluba akaja kuuliza kama chuo kimesema kitu, nikamwambia hakijasema. Mei akaja tena, nina lundo la kazi za kusahihisha, nikamjibu bila hata kuinua uso, "Mwanangu, wangekutaka wangeshaandika. Kubali tu." Akapiga goti, akasema, "Asante, Mwalimu," akaondoka.

Mwezi uliopita nilinunua vitumbua kwake sokoni, akanifungia kwa karatasi, na nilipofika nyumbani nikaona karatasi ile ni mchoro wa moyo, mwandiko wake, na alama yangu nyekundu ya vema pembeni. Nililitafuta lile daftari siku mbili nikalipata, nikafungua anwani yake, nikakuta barua tatu. Ya kwanza, ya tarehe kumi na moja Machi, inasema amechaguliwa na atasomeshwa bure, ajibu ndani ya siku ishirini na moja. Ya pili inamkumbusha. Ya tatu inasema kwa kuwa hakujibu, nafasi amepewa mwingine. Nimehesabu, Mama: siku aliyokuja mara ya kwanza zilikuwa zimebaki siku tano.

Sasa mshenga ameshapeleka sahani ya posa kwa wajomba zake na harusi ni mwisho wa Septemba. Nilipompongeza alisema, "Chuo kilinikataa, Mwalimu. Acha niolewe na anayenitaka." Nikimwambia ukweli nitavunja ndoa, nitauvunja moyo wake, na jina langu litakwisha. Nikinyamaza angalau ana amani. Je, kunyamaza si ndiyo huruma?

Mwalimu, Kawambwa

*

Mwalimu, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili pole yangu ilipungua.

Huruma kwa nani? Amani unayoilinda ni yako. Binti huyo hana amani, ana jibu la uongo ulilompa bila kuinua uso. Simu kutumbukia majini ni bahati mbaya. Kusema "hawajaandika" wakati hujaangalia si bahati mbaya, na ulisema mara mbili.

Na kuna jambo umelipita haraka. Kipindi kile hakikuwa chako. Ulimfundisha moyo unavyosukuma damu, ukamnyima ufunguo wa barua zake mwenyewe, naye aliuomba. Mimi niliishia darasa la saba, hadi leo mwanangu ndiye hunisomea ujumbe wa benki na wa hospitali. Najua unyonge wa kungoja mtu mwingine akuambie habari zako.

Nenda wiki hii. Nenda kwa Kaluba, si kwa wajomba, si kwa mchumba. Usibebe zawadi. Usilie mbele yake, utamlazimisha akubembeleze. Mpe neno lake la siri, mwonyeshe pa kufungulia, asome mwenyewe. Kisha sema, "Nilikudanganya, sikuangalia," unyamaze. Aolewe au asubiri, hilo ni lake, mradi aamue akijua kwamba alitakiwa. Mwandikie mkuu wa chuo, ukiri kosa kwa jina lako kamili. Huenda wakakataa, andika hata hivyo. Kompyuta zifunue Jumatatu. Na wale wanafunzi wengine kumi na wanane, Mwalimu, ambao hukuwataja hata kwa neno moja: watafute mmoja mmoja uwape anwani zao. Hujui mna nini humo.

Mama Nsama

*

Mama Nsama, nimefanya. Chuo kimesema aombe upya mwakani kama wengine, hakiahidi kitu. Fomu ameijaza yeye, herufi moja moja, nami nimekaa nyuma yake kimya. Ameomba harusi isubiri, wakwe wamenuna. Kati ya wale kumi na wanane, mvulana mmoja naye alikuwa ameitwa chuo cha ualimu, muda umepita. Watatu bado sijawapata.

Siku ile Kaluba alizisoma barua zote tatu, ya kwanza akairudia. Hakulia, wala hakunitukana. Alinirudishia simu akasema, "Mama alikufa Juni akiamini nilikataliwa."