Sahani ya Papa na Samaki wa Kipese

Mususa, Butembo
14 Oktoba 2001

Mpendwa kaka yangu Maliro,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Baridi ya huko Ubelgiji imeshaanza? Kile kifua chako kimepona? Sisi tunasukuma siku. Wiki hii hatujasikia risasi, na sokoni watu wanauza. Ila habari za Papa, baba yetu, si nzuri, na ndiyo sababu nimemwomba jirani yetu Asumani, anayekwenda Kampala kununua bidhaa, akupostie barua hii.

Uliandika kwamba, kwa kuwa wenye bunduki wamemfungia Papa njia ya kwenda Kyavinyonge, kule ziwani, kununua samaki, tumletee ziwa dogo nyumbani. Basi Ézéchiel seremala alivunja kabati la vioo la duka letu, ambalo siku hizi halina cha kuonyesha, akatengeneza sanduku la kufugia samaki. Lilivuja, akarudia, likavuja tena, mwishowe likakubali.

Nilifuata maneno yako yote. Mchanga niliuosha bila sabuni, maji ya chemchemi yakakaa, majani ya majini yakashika mizizi kwanza. Papa alinicheka kutoka kitandani kwamba nafuga maji. Kisha mume wangu Vagheni akaleta perege watatu wadogo kutoka bwawa la Kipese, ndani ya bidon ya kuchotea maji. Watatu tu, maana pampu ya hewa uliyotuma, bila umeme, ni pambo.

Kaka, ungemwona siku ile! Papa, aliyekuwa akigusagusa tu chakula tangu njia ifungwe, aliinuka akaketi mbele ya kioo na kuomba sahani. Tangu hapo nikawa namwachia chakula palepale, na sahani inarudi tupu. Nilikuwa naimba jikoni. Sokoni nilimwambia kila mtu kwamba Papa anakula.

Baadaye maji yakawa meupe, yakanuka, samaki wakawa wanahema juujuu. Nilibadilisha nusu ya maji kama ulivyoelekeza, wapi! Wawili wakafa. Nilipopekua mchanga kwa mkono, chini ya majani nilikuta matonge ya fufu ya muhogo iliyooza, na chini yake fufu nyingine.

Sikumkaripia, nilimuuliza tu. Akanitazama kama mtoto asiyefundishwa adabu.

«Nitakula namna gani, na bageni bananiangalia? Bo kwanza.» Kwake samaki ni wageni, na mgeni hula kwanza.

Najuta, kaka. Papa alikonda mbele ya macho yangu, nami nilikuwa natazama sahani. Mara ngapi nimeona shati linamlegea mabegani, nikasema ni uzee!

Samaki aliyebaki tumempeleka kwa jirani Julie, ili Papa ale bila mgeni. Jana nikakaa naye mpaka mwisho. Aligawa fufu katikati, akala kidogo upande mmoja, mwingine akausukuma ukingoni. Nikamwambia samaki hayupo tena, amalize tu.

«Haiko ya samaki,» akasema. «Hii ni ya Maliro.»

Vagheni anakusalimu, na shangazi Kyakimwa wa Mbau anakuombea kila rozari. Mungu akutunze huko ugenini, akurudishe kwa miguu yako mwenyewe.

Najua njia imefungwa, sikulaumu. Ila ukipata barua hii, niandikie kwa mkono wako kwamba huko umekula, umeshiba. Nitamsomea Papa wakati wa chakula.

Mimi dada yako nikupendaye,
Kavuo