Jumamosi ya Makombe

Bwaise, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Goti linasemaje? Dada Acayo ameniambia umerudi shambani, nami najua hukumuuliza daktari. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Unajua kazi yangu ni kulinda ufuo wa ziwa uliohifadhiwa. Jumamosi tunafungua lango ili watu waokote makombe matupu ya konokono wa ziwani, wakayasage yawe chakula cha kuku. Kombe lililo hai lazima lirudishwe majini, na firimbi ikilia kila mtu anatoka.

Jumamosi iliyopita watu waliipuuza firimbi. Fadhul, mkubwa wetu, akafyatua risasi hewani. Wote wakakimbia isipokuwa Mkongomani mmoja, Jean-Pierre, aliyejilaza kifudifudi juu ya gunia lake kwenye maji ya vifundoni. Fadhul akapaza sauti kwamba mwizi huyo anaficha makombe hai. Tukamshukia kwa fimbo, mgongoni, mbavuni, kichwani, hadi maji yakawa mekundu. Wenzake wakarudi na mawe. Fadhul aling'oka meno mawili, nami nikapasuka nyusi. Ghasia zilipotulia nikamvuta Jean-Pierre hadi nchi kavu, lakini alikuwa amekwisha kufa. Tulipolimwaga gunia, makombe yote yalikuwa matupu.

Fadhul sasa yuko mahabusu katika kituo cha polisi cha Naguru. Jana Darlène, mjane wa marehemu, alikuja kwangu na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, akanishukuru kwa kumtoa mumewe majini. Akaniomba niwe shahidi dhidi ya Fadhul. Nilipomuuliza kwa nini mumewe hakukimbia, alinijibu, "Kwetu masasi ikilia, mutu analala."

Mama, kwamba risasi zikilia mtu hulala chini, hilo nililijua. Si wewe uliyenilaza kwenye mtaro kule Pajule wakati wa vita, ukanifunika kwa kifua chako? Nilimtazama alivyolala nikajua si mwizi. Lakini jiwe liliponipiga, hasira yote niliimalizia kwake. Nilimkanyaga kisogo kwa buti, uso wake ukabaki majini, nikasimama hapo mpaka akaacha kutapatapa. Hasira hasara, husema watu, ila hasara ameipata Darlène. Fadhul alimpiga kama sisi wote. Aliyemuua ni mimi.

Na ile sombe niliila, Mama. Niliila yote, Darlène akinitazama na kunishukuru.

Kesho asubuhi nakwenda Naguru kuyasema haya. Nakuomba usije kunitetea. Msalimie Acayo na majirani wote, na Mungu akutunze.

Mwanao,
Okwera